Madhara ya Baadaye ya Tiba ya Mionzi ya Nyonga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na watu waliotibiwa kwa mionzi ya nyonga pamoja na ndugu wanaowauguza. Wengi wao ni wanawake waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Afrika Mashariki ndiyo inayowafikisha wanawake wengi kwenye vyumba vya mionzi. Majibu yanahusu madhara yanayojitokeza muda mrefu baada ya tiba, na yamegusa kwa makusudi yale yasiyowapata wengi, kwa sababu hayo ndiyo yanayochelewa kutambuliwa. Hayachukui nafasi ya daktari anayekutibu. Yameandikwa ili umwendee ukiwa na maswali sahihi, na ili mtu yeyote asikate wala kuchoma sehemu iliyopigwa mionzi kabla ya kujua kwamba ilipigwa mionzi.

## Mambo ya msingi

1. Mionzi ya nyonga hutolewaje, na madhara ya baadaye ni yapi?

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mgonjwa kwa kawaida hupata mionzi ya nje ya greyi 45 hadi 50 (greyi ni kipimo cha dozi ya mionzi), iliyogawanywa katika vipindi 25 hadi 28 kwa muda wa wiki tano hivi, mara nyingi pamoja na dripu ya cisplatin, dawa ya saratani, kila wiki. Baadaye hupata mionzi ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda mfupi karibu kabisa na uvimbe. Saratani ya tezi dume, ya kibofu, ya njia ya haja kubwa na ya mfuko wa uzazi nazo hutibiwa kwa mionzi inayopita eneo hilohilo.

Kuharisha, mkojo kuchoma na ngozi kuchubuka wakati wa tiba ni madhara ya mwanzo, na kwa watu wengi huisha ndani ya wiki chache. Madhara ya baadaye ni yale yanayoanza, au yanayoendelea, kuanzia miezi mitatu baada ya tiba. Mengi hujitokeza ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo, lakini yapo yanayosubiri miaka 10 au 20. Watu wengi waliopona hawapati yale makali.

2. Je, mionzi bado imo mwilini mwangu? Naweza kuwadhuru wajukuu?

Hapana. Mionzi ya nje huacha kuwapo mara mashine inapozimwa, na katika mionzi ya ndani inayotolewa kwa vipindi vifupi, chanzo hutolewa kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Unaweza kumbeba mtoto, kulala na mwenzi wako, kupika na kula na wengine bila kumdhuru yeyote. Kinachobaki ni mabadiliko katika viungo vyako mwenyewe.

3. Kwa nini tatizo lije miaka mingi baada ya tiba kwisha?

Mionzi huua seli za saratani, lakini pia hujeruhi kuta za mishipa midogo ya damu iliyo jirani. Majeraha hayo hupona kwa kujenga kovu. Taratibu mishipa hiyo huzidi kuwa myembamba, damu na oksijeni hupungua, na nyama laini za kibofu, utumbo au uke hugeuka ngumu, nyembamba na zisizonyumbulika. Mahali pengine huota vishipa vipya dhaifu vinavyopasuka kwa urahisi, na hapo ndipo damu huanza kutoka.

Sehemu iliyopigwa mionzi inaweza kukaa kimya kwa miaka mingi ikiwa haijaguswa, lakini ikikatwa, ikichomwa au ikipata maambukizi, inakosa damu ya kutosha kujiponya. Ndiyo maana kipimo au upasuaji ambao kwa mtu mwingine ni jambo dogo unaweza kumletea mtu huyu kidonda kisichofunga.

4. Nani yuko kwenye hatari zaidi?

Aliyepata dozi kubwa au kwenye eneo pana, aliyepata mionzi pamoja na upasuaji mkubwa wa nyonga, mwenye kisukari au presha isiyodhibitiwa, mvutaji sigara, na mtu mwembamba sana ambaye utumbo wake hushuka ndani ya eneo la mionzi. Katika haya, sigara ndiyo ambayo mgonjwa anaweza kuiondoa leo, hata kama tiba ilikwisha zamani.

5. Dalili mpya ina maana saratani imerudi?

Si lazima, lakini swali hilo lazima lijibiwe kwa vipimo wala si kwa kukisia. Makosa hutokea pande zote mbili. Wapo wanaoambiwa kwamba maumivu au kutokwa na damu ni mionzi tu, kumbe uvimbe umerudi. Wapo pia wanaoambiwa saratani imesambaa na kurudishwa nyumbani wakasubiri, kumbe ni mfupa uliopasuka au mrija ulioziba kwa kovu, mambo yenye tiba. Kosa hili la pili linastahili kupigwa vita zaidi, kwa sababu humfungia mlango mtu ambaye angeweza kusaidiwa.

6. Nimweleze nini mhudumu wa afya ninapofika hospitali?

Mambo manne: ulitibiwa saratani gani, mwaka gani, hospitali gani, na kama ulipata mionzi ya nje peke yake au na ya ndani pia. Yaseme hata kama umekwenda kwa homa au UTI, na hata kama ni miaka 15 imepita. Iombe hospitali iliyokutibu, iwe Ocean Road ya Dar es Salaam, Bugando ya Mwanza, Kenyatta ya Nairobi au Mulago ya Kampala, barua ya muhtasari wa tiba yenye dozi na eneo lililopigwa, kisha uipige picha kwa simu na kumtumia ndugu mmoja. Kama kumbukumbu zimepotea, soma swali la 22.

## Utumbo na haja kubwa

7. Natokwa na damu ninapokwenda choo. Ni bawasiri?

Huenda ikawa bawasiri, huenda ikawa amiba, na kwa mtu aliyepigwa mionzi ya nyonga huenda ukawa ule mchubuko wa kudumu wa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambao mara nyingi huanza kati ya miezi sita na miaka miwili baada ya tiba. Damu huwa nyekundu, bila maumivu makali, wakati mwingine ikiambatana na ute na haja ya ghafla isiyozuilika. Saratani mpya ya utumbo nayo huanza hivyohivyo, kwa hiyo kipimo cha kamera ni cha lazima hata kama jibu linaonekana wazi.

Aliyepigwa mionzi asikubali kukatwa bawasiri, wala kudungwa sindano ya kuzikausha mtaani, kabla daktari hajaangalia kwa kamera na kuelezwa habari ya mionzi. Kidonda cha upasuaji wa njia ya haja kubwa katika nyama iliyopigwa mionzi kinaweza kukaa miezi bila kufunga.

8. Daktari anataka kuchukua kinyama kutoka kwenye puru. Nikubali?

Kinyama ni kipande kidogo cha nyama kinachokatwa ili kipimwe maabara. Muulize kwanza anatafuta nini. Mchubuko wa mionzi una sura yake inayotambulika kwa kamera: ukuta uliopauka, wenye vishipa vyekundu vilivyotanda kama utando wa buibui, unaotoa damu ukiguswa. Ukionekana hivyo, kinyama hakiongezi chochote. Ukuta wa mbele wa puru, ule unaopakana na uke kwa mwanamke na tezi dume kwa mwanamume, ndio uliopata mionzi mingi zaidi, na tundu dogo la kinyama hapo limewahi kugeuka kidonda, na kidonda kikawa fistula, yaani tundu linalounganisha viungo viwili isivyotakiwa.

Kama pameonekana uvimbe au kidonda chenye kingo za kutilia shaka, kinyama ni lazima, kwa sababu kuikosa saratani ni hatari kubwa zaidi. Hapo kichukuliwe na mtu mwenye uzoefu, vipande vichache, na inapowezekana kutoka ukuta wa nyuma au wa pembeni.

9. Damu ya puru hutibiwaje?

Hatua ya kwanza ni kupima wingi wa damu mwilini. Damu kidogo isiyomshushia mtu wingi wa damu, wala kumzuia kufanya shughuli zake, haihitaji kuchomwa. Kwa wengi kutokwa huko hupungua kwenyewe kwa muda. Kinachotakiwa ni kulainisha choo, kutumia vidonge vya madini ya chuma ikihitajika, na kuangalia upya dawa kama aspirini na zile za kuzuia damu kuganda, bila kuziacha kiholela.

Damu ikizidi, tiba rahisi na salama ya kuanzia ni sukralfeti, dawa ileile ya vidonda vya tumbo, gramu 2 ikivurugwa katika maji kidogo na kuingizwa kwa njia ya haja kubwa mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Haihitaji mashine, na mgonjwa anaweza kufundishwa kuitumia nyumbani. Isiposaidia, mtaalamu wa kamera anaweza kuunguza vishipa kwa gesi ya agoni, au daktari wa upasuaji akapaka formalini (dawa kali ya maji inayokausha vishipa) ya asilimia 4 kwenye ukuta unaovuja. Njia zote mbili huzuia damu vizuri, na zote mbili zinaweza kusababisha kidonda kirefu zikitumiwa kwa pupa, hivyo ni bora vikao vichache vyepesi kuliko kimoja kikali. Kuhusu tiba ya oksijeni, soma swali la 13.

10. Naharisha kwa miaka na kukonda. Nimeambiwa niizoee hali hii. Ni kweli?

Si kweli, na ushauri huo umewanyima watu wengi maisha ya kawaida. Kuharisha baada ya mionzi mara nyingi kuna sababu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kila sababu ina tiba yake. Sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba ikiumia, nyongo hushindwa kufyonzwa na kumwagika kwenye utumbo mpana. Choo huwa chepesi, cha manjano, cha ghafla, na unga wa kolestiramini husaidia sana (dawa nyingine zimezwe saa moja kabla yake au saa nne hadi sita baada yake). Sehemu hiyohiyo ndiyo inayofyonza vitamini B12, ambayo ikipungua huleta ganzi na upungufu wa damu, na hutibiwa kwa sindano. Bakteria wakizaliana kupita kiasi kwenye utumbo uliolegea, tumbo hujaa gesi, na dozi ya wiki moja hivi ya antibayotiki inaweza kubadili hali. Wengine huwa hawawezi tena kusaga sukari ya maziwa, na hao hupata nafuu wakiacha maziwa mabichi na chai ya maziwa. Kongosho au tezi ya shingo nayo inaweza kuwa na tatizo lisilohusiana kabisa na mionzi.

Mwaka 2013, utafiti wa Uingereza uitwao ORBIT, uliohusisha wagonjwa 218 waliokuwa na matatizo ya utumbo baada ya mionzi ya nyonga, ulionyesha kwamba kufuata mwongozo wa hatua kwa hatua wa kutafuta kila sababu kuliwapa nafuu, na kwamba muuguzi aliyefunzwa kuufuata alifanya kazi hiyo vizuri kama daktari bingwa wa tumbo. Kwa nchi zenye mabingwa wachache wa tumbo na wauguzi wengi wenye bidii, matokeo hayo yanafaa kusomwa na kila mkuu wa kliniki ya saratani.

11. Tumbo limevimba, linakata, natapika, na sipati choo wala upepo.

Nenda hospitali leo. Utumbo mwembamba unaweza kuwa umebanwa na kovu. Mara nyingi hali hutulia kwa kuacha kula, dripu, na mpira wa kupitia puani, na kwa mgonjwa huyu subira hiyo ni bora kuliko kisu cha haraka. Upasuaji ukilazimika, daktari anatakiwa kuepuka kuchambua kila kovu, na kuunganisha utumbo kwa kutumia angalau upande mmoja ambao haukupigwa mionzi. Kiungo cha nyama mbili zilizopigwa mionzi huvuja mara nyingi.

## Kibofu, figo na fistula

12. Mkojo wangu una damu. Nilipokulia, Kanda ya Ziwa, tunajua ni kichocho.

Kipimo cha kichocho kifanywe, na kikionyesha mayai utumie praziquantel. Lakini kwa aliyepigwa mionzi uchunguzi usiishie hapo, hata kama praziquantel imepunguza damu kwa muda. Kibofu kilichopigwa mionzi kinaweza kuanza kutoa damu miaka mingi baadaye. Saratani ya kibofu nayo inawezekana, na kichocho cha muda mrefu chenyewe huongeza hatari yake. Kamera ya kibofu inahitajika mara moja, na kinyama kwenye kibofu kichukuliwe kwa tahadhari ileile ya swali la 8.

Damu ikiwa nyingi na mabonge yakaziba mkojo, hiyo ni dharura. Mgonjwa huwekewa mpira mnene wa njia tatu, mabonge hunyonywa kwa mkono hadi yaishe, kisha kibofu husafishwa kwa maji ya chumvi yanayotiririka mfululizo. Kufungua maji kabla ya mabonge kutoka ni hatari, kwa sababu kibofu hiki kikakamavu kinaweza kupasuka. Damu isipokoma, sehemu inayovuja huunguzwa kwa kamera, au kibofu husafishwa kwa maji yenye shabu ya asilimia 1 yaliyotayarishwa na duka la dawa la hospitali, isipokuwa kwa mgonjwa mwenye figo dhaifu, kwa kuwa alumini inaweza kujikusanya na kudhuru ubongo. Formalini ndani ya kibofu huumiza mno, hutolewa kwa usingizi tu, na ni lazima kwanza kuhakikisha haitapanda kwenda kwenye figo. Kuondoa kibofu na kuupa mkojo njia nyingine ni hatua ya mwisho, lakini imeokoa maisha.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo pamoja na mkojo kupungua, kwa mtu aliyepigwa mionzi hata miaka 20 iliyopita, yanaweza kuwa kibofu kilichopasuka chenyewe. Ni nadra sana, na hukosewa kwa sababu daktari wa zamu hudhani ni utumbo.

13. Nimesikia kuna chumba cha oksijeni kinachoponya madhara ya mionzi. Ni kweli?

Mgonjwa hukaa ndani ya chumba chenye mgandamizo wa hewa unaozidi mara mbili ule wa kawaida, akivuta oksijeni tupu kwa dakika 80 hadi 90, kila siku, kwa vikao 30 hadi 40. Lengo ni kuifanya mishipa midogo iote upya. Kwa kibofu ushahidi ni mzuri: utafiti wa RICH-ART wa nchi za Nordiki, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha nafuu ya dalili za kibofu. Kwa utumbo mambo yanapingana. Utafiti mmoja wa mwaka 2008 ulionyesha faida kwa mchubuko wa puru, lakini ule wa Uingereza uitwao HOT2, uliochapishwa mwaka 2016 na uliowaweka baadhi ya wagonjwa katika chumba bila tiba halisi, haukuonyesha faida.

Vyumba hivi ni vichache sana katika ukanda wetu, na vikao 40 ni gharama ya nauli na malazi ya miezi miwili. Tungemshauri mtu atafute tiba hii kwa kibofu kinachovuja damu au kidonda kisichofunga baada ya njia za swali la 9 na la 12 kushindwa. Asiuze shamba kwa ajili ya kuharisha.

14. Je, figo zinaweza kufa bila mimi kuhisi kitu?

Ndiyo. Kovu linaweza kuubana polepole mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo kwenda kwenye kibofu, na figo ikavimba na kuzimika bila maumivu. Katika kundi kubwa la wanawake wa Marekani waliotibiwa saratani ya mlango wa kizazi ya hatua ya mwanzo, hali hii iliwapata takriban 1 kati ya 100 kufikia miaka mitano, na 2.5 kati ya 100 kufikia miaka 20. Maana yake hatari haiishi mgonjwa anapoambiwa kwamba amemaliza miaka mitano.

Kwa maoni yetu, kipimo cha kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha utendaji wa figo) na ultrasaundi ya figo mara moja kwa mwaka ni matumizi mazuri ya fedha kidogo. Figo ikionekana imejaa, kwanza hutafutwa kama saratani imerudi, huku njia ya mkojo ikifunguliwa bila kusubiri, kwa kijimrija cha ndani au kwa mrija unaotobolewa mgongoni moja kwa moja kwenye figo. Mgonjwa asianzishiwe usafishaji damu wa kudumu kabla ya mtu kuangalia kama figo zimeziba tu.

15. Mkojo, au choo, unapitia ukeni. Ni fistula ileile ya uzazi?

Jina ni moja, ila tabia ni tofauti. Fistula ya uzazi imezungukwa na nyama nzima, na madaktari wengi wa ukanda huu wanaishona kwa ustadi mkubwa. Fistula ya mionzi imezungukwa na nyama isiyo na damu ya kutosha, na ikishonwa kama ile ya uzazi hufunguka tena, kubwa kuliko mwanzo. Mama anayepelekwa kwenye kambi ya upasuaji wa fistula aseme mapema kwamba alipigwa mionzi.

Mpango sahihi huanza kwa kuchukua kinyama kwenye kingo, kwa sababu saratani iliyorudi ndiyo chanzo cha kwanza kuondolewa shaka. Kisha choo huelekezwa kwenye mfuko tumboni, ikiwezekana kupitia utumbo ambao haukupigwa mionzi, au mkojo huelekezwa kwenye mirija ya figo, ili nyama ipumzike kwa miezi. Baadhi hushonwa baadaye kwa kuletewa nyama yenye damu yake yenyewe kutoka mahali pengine, kama mafuta ya mashavu ya uke au utando wa tumboni. Wengine hubaki na mfuko maisha yao yote, wakiwa wakavu, bila harufu, na wakirudi kanisani, msikitini na sokoni. Tumeona watu wakiuogopa mfuko kuliko fistula yenyewe, na wengi hubadili mawazo wakikutana na mtu anayeishi nao.

## Mifupa, mishipa ya fahamu na miguu

16. Kiuno cha chini kinauma sana nikisimama. Eksirei haionyeshi kitu.

Mifupa ya nyonga iliyopigwa mionzi, hasa ule wa nyuma ulio juu ya kitokono, inaweza kupata nyufa kwa uzito wa mwili tu, bila kuanguka, mara nyingi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Wanawake waliokoma hedhi kwa sababu ya mionzi wako kwenye hatari zaidi. Eksirei huzikosa nyufa hizi. Picha za CT au MRI huziona, zikiwa mara nyingi pande zote mbili.

Hatari kubwa ni kuzisoma kama saratani iliyosambaa kwenye mfupa, kisha mfupa uleule ukapigwa mionzi tena. Mwombe daktari anayesoma picha aelezwe eneo na mwaka wa mionzi. Tiba ni dawa za maumivu, kupunguza uzito unaobebwa bila kulala kitandani muda wote, kalsiamu na vitamini D, mazoezi chini ya mtaalamu, na wakati mwingine dawa za kuimarisha mfupa. Wengi hupata nafuu baada ya miezi kadhaa.

17. Miguu inakosa nguvu polepole, bila maumivu makali.

Mionzi inaweza kujeruhi mafundo ya mishipa ya fahamu yanayokwenda miguuni, kwa kawaida miaka kadhaa baada ya tiba. Udhaifu unaoanza bila maumivu na kugusa miguu yote miwili huelekea upande wa mionzi; maumivu makali yanayotangulia, ya mguu mmoja, huelekea upande wa saratani iliyorudi. Kanuni hii haitoshi peke yake, kwa hiyo MRI inahitajika, na kifua kikuu cha uti wa mgongo kisisahauliwe. Hakuna dawa inayorudisha mishipa iliyokufa. Amitriptilini au pregabalini hupunguza maumivu ya ganzi na kuchoma, na mazoezi ya viungo pamoja na fimbo au kishikizo cha kifundo huzuia kuanguka.

18. Mguu umevimba na haurudi. Nyumbani Tanga wanasema ni matende.

Pwani wazo hilo ni la kawaida na linaweza kupimwa, lakini kwa aliyepigwa mionzi au kutolewa tezi za nyonga, sababu ya kwanza kufikiriwa ni maji ya limfu yaliyokosa njia. Uvimbe wa ghafla, wa mguu mmoja, wenye maumivu, unaweza kuwa damu iliyoganda na unahitaji hospitali siku hiyohiyo. Uvimbe unaoongezeka polepole unahitaji ultrasaundi ya nyonga kutafuta saratani iliyorudi. Utunzaji unafanana na wa matende: kuosha na kukausha ngozi kila siku, kutibu fangasi za vidoleni, soksi za kubana, kuinua mguu, na antibayotiki mapema ngozi ikiwa nyekundu na moto.

## Uke na maisha ya ndoa

19. Tendo la ndoa limekuwa la maumivu, na wakati mwingine natokwa na damu.

Hili si nadra, ila huulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Uke hubana na kukauka kwa sababu ya kovu na kukoma kwa hedhi. Vifaa vya kupanulia uke, vikianza kutumika wiki chache baada ya tiba pamoja na kilainishi cha maji, huzuia kuta zisigandane. Bila hivyo hata daktari hawezi tena kuuchunguza mlango wa kizazi. Homoni, za kupaka au za kumeza, zinafaa kwa wanawake wengi waliotibiwa saratani ya aina ya kawaida ya mlango wa kizazi, na daktari anapaswa kuulizwa wazi. Kidonda chenye harufu na maumivu ndani ya uke kinaweza kuwa nyama iliyokufa kwa mionzi. Husafishwa taratibu na kusubiriwa, bila kukwanguliwa.

## Hali za pekee

20. Naishi na VVU. Kuna tofauti?

Dawa za ARV ziendelee bila kukatizwa. Tofauti kubwa ni katika kutafsiri dalili: kuharisha na kukonda huhusishwa haraka na VVU hata kama kiwango cha virusi hakionekani, na hivyo sababu za swali la 10 hazitafutwi. Kreatinini ikipanda, lawama huangukia tenofovir, mojawapo ya dawa za ARV. Inaweza kuwa kweli, lakini ultrasaundi ya figo ifanywe kabla ya kubadili dawa na kungoja, kwa sababu mrija uliobanwa (swali la 14) hauponi kwa kubadilishiwa vidonge.

21. Baba alipigwa mionzi ya tezi dume, na sasa ana maumivu ya kinena na UTI isiyoisha.

Tatizo moja nadra hufuata njia hii: mionzi, kisha njia ya mkojo kubana, kisha kupanuliwa mara kwa mara, kisha mkojo kuvuja hadi kwenye mfupa wa kinena na kuuambukiza. Mzee hushindwa kutembea vizuri, mapaja yanauma kwa ndani, na antibayotiki humpa nafuu ya wiki chache tu. MRI huonyesha njia hiyo. Antibayotiki peke yake mara nyingi haziponyi. Huhitajika upasuaji wa kuondoa mfupa uliooza na kuubadilishia mkojo njia. Ni upasuaji mkubwa, wa hospitali ya rufaa yenye timu ya mkojo na mifupa pamoja.

22. Kumbukumbu zangu za tiba zimepotea, au nilitibiwa nchi nyingine. Nifanyeje?

Hali hii si ya ajabu. Mashine ya kobalti ya Mulago ilipoharibika mwaka 2016, baadhi ya wagonjwa wa Uganda walitibiwa Nairobi, na kumbukumbu zao zikabaki huko. Anza na hospitali iliyotoa mionzi, ukitaja jina ulilosajiliwa nalo wakati ule na mwaka, kwa sababu wengi wamebadili jina baada ya ndoa au talaka. Ukikosa, mweleze daktari idadi ya wiki ulizokwenda kwenye mashine, kama uliwahi kulazwa au kupewa usingizi kwa mionzi ya ndani, na mwonyeshe nukta ndogo za wino zilizochorwa kwenye ngozi ya nyonga, ikiwa zipo. Zinaonyesha mahali mionzi ilipoelekezwa. Wiki tano pamoja na mionzi ya ndani ni dozi kamili. Siku moja au wiki moja mara nyingi ilikuwa mionzi ya kupunguza maumivu au kuzuia damu. Pasipo uhakika, daktari wa upasuaji na wa kamera wachukulie kwamba nyonga nzima ilipata dozi kamili, na waandike hivyo kwenye ukurasa wa kwanza wa faili jipya.